Picha ya kifua ni safi, mbona mume wangu anahema kwenye ngazi?

SWALI

Sista, pokea salamu zangu kutoka Nakuru. Mimi husoma safu yako kila wiki na sikudhani siku moja ningekuandikia.

Mume wangu ni mwanajeshi, ana miaka 38. Ameenda Somalia mara mbili, kila mara mwaka mmoja, na mara ya mwisho alirudi 2023. Kabla ya safari ya kwanza alikuwa mtu wa kuamka saa kumi na moja alfajiri, akakimbia kutoka mtaani kwetu hadi Lanet na kurudi, kisha akaoga maji baridi huku akiimba. Sasa tunaishi orofa ya tatu, na kwa mwaka mmoja unusu hivi nimekuwa nikiona jambo ambalo yeye anadhani silioni. Tukifika orofa ya pili anasimama. Mara afunge kamba za kiatu. Mara atoe simu asome ujumbe. Juzi nilichungulia ile simu. Ilikuwa imezimwa, Sista. Alikuwa anasoma giza.

Usiku anakohoa. Si kikohozi cha makohozi, ni kikavu, kinaanza kama saa nane na hakimwachi mpaka aketi ukingoni mwa kitanda na kuteremsha miguu. Kifua kinapiga mbinja kama birika linalokaribia kuchemka. Mchana akicheka sana anaishia kukohoa, kwa hiyo siku hizi hacheki sana.

Habari za kule hunisimulia kidogo kidogo. Anasema vumbi lilikuwa laini kama unga wa ngano, likitua hadi kwenye chai. Jenereta za dizeli zilinguruma usiku kucha karibu na hema lao. Na nyuma ya kambi kulikuwa na shimo la kuchomea kila kitu: chupa za maji, sahani za plastiki, betri, matairi, hata uchafu wa chooni uliomwagiwa dizeli. Upepo ukigeuka, moshi mweusi unalala juu ya mahema. Waliokuwa zamu ya kuchoma walijifunga kitambaa puani, basi. Aliporudi nililifua begi lake mara tatu, nikalianika kibarazani siku mbili, na hadi leo nikilifungua nasikia harufu ya plastiki iliyoungua.

Mwaka jana nilimsukuma tukaenda hospitali moja ya kibinafsi hapa mjini. Alipigwa picha ya kifua, wakasema ni safi, wakampa antibiotiki na dawa ya maji ya kikohozi. Hakuna aliyemuuliza anafanya kazi gani. Yeye alitoka amefurahi, mimi sikufurahi. Tangu siku hiyo nikitaja hospitali ananijibu, "Si picha ilikuwa safi?" Nadhani anaogopa kwamba kazini wakijua ataondolewa kwenye orodha ya misheni, au astaafishwe mapema. Tuna mkopo wa shamba, na Nafula anaingia sekondari.

Desemba tulipokwenda Kimilili, mama mkwe alisema hiyo ni TB, akaniagiza nitenge vyombo vyake. Shemeji mmoja naye akasema kuna mtu amemfanyia kitu kwa sababu ya hela za Somalia. Nililia njia nzima tukirudi.

Mimi hupikia makaa. Jiko naliwasha kibarazani, likishika naliingiza ndani. Na kila Jumamosi jioni msimamizi wa ploti huchoma taka chini ya dirisha letu. Je, ni mimi ninayemmaliza? Inawezekana moshi wa Somalia umemfuata hadi Nakuru? Na mtu anayesema haumwi anapelekwaje hospitali?

Mama Nafula, Nakuru

JIBU

Mama Nafula, wahenga walisema mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Mumeo amewapindua: mapenzi hayafichi, kikohozi ndicho anachohangaika kukificha, tena kwa simu iliyozimwa.

Kabla ya yote, katika barua yako ulitaja kambi kwa jina. Nimelifuta. Usiliandike popote mtandaoni, maana wenzake wengine bado wako kule.

Sasa nikujibu la moyoni kwanza. La, si wewe unayemmaliza. Jiko lako nitalisema baadaye, na halitapona ulimi wangu, lakini mtu aliyekuwa akikimbia hadi Lanet na kurudi huku wewe ukipikia jiko hilohilo hakuharibiwa na ugali wako. Kilichobadilika katikati ni miaka miwili ya Somalia.

Hii "picha safi" ndiyo imewafunga nyote wawili, basi tuifungue. Nimefanya kazi ya unesi wodi ya kifua hapa Kisumu miaka mingi, na picha za kifua nimezishika nyingi mno. Ni kipimo kizuri kwa mambo yake: huonyesha nimonia, mara nyingi huonyesha TB, huonyesha maji yaliyojikusanya pembeni mwa pafu, uvimbe uliokwisha kukua, moyo uliopanuka. Lakini inapigwa mtu akiwa amevuta pumzi na kuishikilia, ametulia tuli. Shida ya mumeo haiji akiwa ametulia, inakuja akiwa na kazi ya kuitoa ile pumzi na kuingiza nyingine haraka. Pumu, kwa mfano, huweza kumtesa mtu usiku kucha na asubuhi picha yake ikatoka safi kabisa. Na vijimirija vya mwisho vya hewa, vile ambavyo upana wake haufiki milimita 2, vikivimba au vikipata makovu picha haivioni. Kwa hiyo aliyesema picha ni safi hakudanganya. Alijibu swali dogo kuliko lile mlilomwendea nalo.

Kuna jambo lililotokea Marekani ambalo ningependa Baba Nafula alisome mwenyewe. Wanajeshi wa kambi ya Fort Campbell walirudi kutoka Iraki na Afghanistan wakiwa hawawezi tena kumaliza mbio walizokuwa wakizimaliza kabla ya kwenda. Vijana, wengi wao wanariadha. Walipimwa, na karibu wote picha zao za kifua zilikuwa za kawaida, hata vipimo vya kupuliza kwa wengi havikuonyesha kitu kikubwa. Madaktari wa Chuo Kikuu cha Vanderbilt, kule Nashville, hawakuwaambia waende nyumbani. Kati ya wanajeshi 80 waliowachunguza, 49 walikatwa kipande kidogo cha pafu kikaangaliwa kwa hadubini, na 38 wakakutwa na makovu yanayobana vile vijimirija vidogo, ugonjwa uitwao bronkiolaitisi ya kubana. Matokeo yalichapishwa 2011. Wengi wa hao 38 walikuwa wamevuta moshi wa mgodi wa salfa uliowaka karibu na Mosul mwaka 2003, na wengine walitaja moshi wa mashimo ya taka na dhoruba za vumbi.

Tafadhali usilale na hofu kwamba mumeo ana ugonjwa huo. Ni adimu, mumeo hakuwa kwenye moto wa salfa, na hakuna daktari mwenye akili atakayeanza na kumkata pafu. Ninachokitoa kwenye habari hiyo ni kwamba mtu mwenye mwili wa mazoezi akianza kushindwa na ngazi, huko kushindwa kwenyewe ni dalili, na haifutwi na picha.

Unauliza kama moshi unaweza kumfuata mtu hadi nyumbani. Wamarekani walibishana juu ya hilo miaka na miaka. Katika kambi yao ya Balad, Iraki, walikuwa na shimo la kuchomea taka la ukubwa wa kama ekari 10: plastiki, rangi, betri, taka za hospitali, vyote vikiwashwa kwa mafuta ya ndege. Wanasayansi walikuwa waangalifu, wakisema ni vigumu kutenganisha moshi wa shimo na vumbi, dizeli, sigara na joto, na ni kweli ni vigumu. Lakini Agosti 2022 ilipitishwa sheria iitwayo PACT, ambayo kwa mwanajeshi aliyehudumu maeneo hayo inakubali pumu iliyoanza baada ya kwenda, bronkaitisi sugu, magonjwa mengine ya mapafu na saratani kadhaa kuwa yametokana na kazi, bila yeye kubebeshwa mzigo wa kuthibitisha. Sheria hiyo ni ya Marekani na haimhusu Baba Nafula. Nimeitaja ili shemeji yako wa hela za Somalia apate kitu cha kusoma.

Jambo moja lakini limenisimamisha katika barua yako, na labda wewe uliliandika bila kulifikiria. Umesema hapati nafuu mpaka aketi na kuteremsha miguu. Mama Nafula, hiyo inaweza kuwa pumu, maana pumu hupenda sana saa nane na saa tisa usiku. Na inaweza pia kuwa moyo. Moyo ukichoka kusukuma, mtu akilala chali maji hurudi mapafuni, anaamka akikohoa, wakati mwingine akipiga mbinja zilezile, na akikaa miguu chini anapata nafuu. Sisi manesi tumewahi kuwaona wagonjwa wa namna hiyo wakitibiwa "kifua" miezi mingi huku miguu ikivimba polepole ndani ya soksi. Kwa barua siwezi kukwambia ni kipi. Ndiyo sababu nataka apimwe vyote viwili.

Utashangaa moshi una habari gani na moyo. Chembe zinazotoka kwenye plastiki inayoungua na kwenye dizeli nyingi ni ndogo kuliko maikromita 2.5. Unywele wako una maikromita kama 70, kwa hiyo ungeweza kuzipanga chembe zaidi ya 25 kwenye upana wa unywele mmoja. Vumbi kubwa unalipenga au unalitema. Hizi hushuka hadi kwenye vifuko vya mwisho vya pafu, na zile ndogo zaidi huvuka zikaingia damuni. Mwili unazichukulia kama jeraha: mishipa inavimba kwa ndani na kukakamaa, damu inaganda upesi, presha inapanda. Haya yamethibitika kwa watu wa mijini wanaovuta moshi wa magari na viwanda, si kwa wanajeshi tu, na Chama cha Moyo cha Marekani kilitamka tangu 2010 kwamba chembe hizo husababisha magonjwa ya moyo. Ajabu ni kwamba ile orodha ya PACT ya moshi wa mashimo ina mapafu na saratani, moyo haumo. Lakini kwa nini mishipa ya mwanajeshi iusamehe moshi ambao ya dereva wa matatu haiusamehi? Shirika la Afya Duniani, kwa mwongozo wake wa 2021, linataka hewa ya mwaka mzima isizidi maikrogramu 5 za chembe hizo kwa kila mita moja ya ujazo. Aliyelala karibu na shimo la matairi hahitaji mashine kumwambia alikuwa upande gani wa namba hiyo.

Mama mkwe wako naye tumtendee haki. Kuhusu vyombo amekosea, kwa sababu TB haiambukizwi kwa sahani wala kijiko, ni kwa hewa, mgonjwa anapokohoa. Rudisha vyombo vya mumeo kabatini leo. Lakini kuhusu kupima TB hajakosea hata kidogo. Kenya hii, mtu akikohoa zaidi ya wiki mbili anapimwa TB, awe mwanajeshi awe askofu. Makohozi yanapimwa kwa mashine ya GeneXpert, na ikipatikana, dawa katika vituo vya serikali hulipii. Kwa kuwa kikohozi chake ni kikavu, waambie. Wana njia ya kumsaidia atoe makohozi. Si vizuri kumtafutia mtu maradhi ya ajabu ya Iraki kabla hujahakikisha hana hili la nyumbani.

Sasa hospitali. Kwa sababu bado yuko kazini, njia yake ya kwanza ni zahanati ya kambini, wamwandikie rufaa. Wakiona inafaa atafikishwa Hospitali ya Kumbukumbu ya Majeshi kule Nairobi. Akikataa kabisa kuanzia kazini, aanzie hospitali kuu ya rufaa ya kaunti hapo Nakuru, ile ambayo nyinyi bado mnaiita PGH. Popote aendapo, aombe kipimo cha kupuliza, spirometa. Anavuta pumzi hadi mwisho, anapuliza kwa nguvu kwenye bomba mpaka isibaki kitu, kisha anavuta dawa ya kupanua mirija na baada ya kama robo saa anapuliza tena. Akipuliza vizuri zaidi mara ya pili, pumu inanukia. Si kila hospitali ina mashine hiyo, wala si kila siku yupo wa kuiendesha, basi piga simu kwanza usije ukapoteza siku ya likizo yake. Pamoja na hiyo apimwe presha, sukari, kiwango cha damu, umeme wa moyo, na eko, ile picha ya moyo unaoonekana ukidunda. Oksijeni ya kidoleni ni vyema ipimwe akiwa ameketi, kisha tena baada ya kutembea dakika sita. Huko kutembea kusirukwe, kwa sababu akiwa ameketi huenda kila kitu kikaonekana sawa, kama ile picha.

Na kabla hajaondoka nyumbani kuna karatasi moja ambayo nitakuomba muiandike pamoja. Hukuniambia jina la daktari aliyemwona, na sitaki kulijua, lakini umeniambia hakuuliza kazi. Wengi hatuulizi. Foleni ni ndefu, mtu ana kikohozi, unaandika "kikohozi". Kwa hiyo kazi aende nayo yeye, kwenye ukurasa mmoja, kwa maneno makavu. Mfano: "Mwaka wa kwanza, miezi 12. Hema hatua 150 kutoka shimo la taka. Moshi karibu kila jioni. Kilichochomwa: plastiki, matairi, betri, uchafu wa choo kwa dizeli. Nilikuwa zamu ya kuchoma mara moja kwa wiki, kitambaa tu puani. Jenereta hatua 20 kutoka nilipolala. Kikohozi kilianza mwezi wa saba. Kabla ya kwenda nilikimbia kilomita kadhaa bila kusimama, sasa nasimama orofa ya pili." Aongeze kama aliwahi kuwa karibu na mlipuko, kwa sababu mlipuko huumiza mapafu bila kuacha alama kwa nje. Aongeze sigara alizovuta na miraa aliyotafuna, zote, za kambini pia. Hilo wewe usilisome kama hataki. Mtoe kopi tatu, moja ibaki kwenye faili lake.

Karatasi hiyo ina kazi ya pili. Ugonjwa ulioandikwa kwenye faili mtu akiwa bado kazini una miguu ya kusimamia. Anayeuficha miaka kumi, akaja kuusema siku ameshapokea pensheni, atapata shida kumweleza mtu yeyote kwamba ulianzia Somalia. Tangu 2022 Kenya ina sheria ya wanajeshi wastaafu, na ipo DEFOCA, chama cha wanajeshi wa zamani, lakini wao hawawezi kuandika leo kilichopaswa kuandikwa 2023.

Hapo ndipo tunafika kwenye hofu yake, na sitaidharau. Inawezekana kabisa wakamweka nje ya misheni ijayo. Siwezi kukuahidi vinginevyo, na mkopo wa shamba naujua ulivyo. Ila tazama upande wa pili: ana 38, ikiwa ni pumu na ikatibiwa sawasawa, kuna watu wenye pumu wanaokimbia mbio ndefu. Isipotibiwa, siku moja atapewa mbio za kupimwa mbele ya vijana wa miaka 22, na hapo hakuna simu ya kusoma.

Usimshike kwenye ngazi. Usimwambie mbele ya Nafula, wala mbele ya mama yake. Msubiri saa nane usiku, akiwa ameketi miguu chini. Mletee maji ya uvuguvugu, keti kando yake, na sema sentensi moja: "Siku ile ngazini niliona simu ilikuwa imezimwa." Halafu nyamaza. Mwanajeshi anaweza kubishana na hotuba. Na hilo sijui atalibishia nini. Akirudi kwenye "picha ilikuwa safi", muulize kama kazini bunduki hukaguliwa kwa kupigwa picha, au hufunguliwa.

Akitoka na jibu la pumu, kuna jambo watu hulikosea sana. Pampu ya buluu hufungua kifua kwa saa chache, haitibu uvimbe wa ndani. Mwulize daktari kuhusu pampu ya kuzuia, ambayo hutumika kila siku hata akijisikia mzima, na mwombe nesi amwonyeshe kuivuta, maana nimeona watu wakipulizia ulimi miezi sita wakidhani ni pafu. Dawa ya maji ya kikohozi acheni. Antibiotiki za kununua bila kupimwa acheni. Na vile vidonge vidogo vya "kufungua kifua" vinavyouzwa dukani kwa bahasha bila jina, mara nyingi ni steroidi: kweli utalala vizuri siku tatu, lakini presha na sukari zinapanda kimyakimya na daktari anakuta dalili zimefunikwa.

Nilikuahidi kusema juu ya jiko. Makaa hayatoi moshi mwingi unaoonekana, ndiyo sababu tunayaamini na kuyaingiza ndani. Yanatoa monoksidi ya kaboni, gesi isiyo na rangi wala harufu, inayong'ang'ania damu mara zaidi ya 200 kuliko oksijeni inavyoweza. Kwa mtu ambaye mirija yake tayari imebana, au moyo umechoka, hiyo ni kodi anayolipa kila jioni. Hapa kwetu ufuoni nimewaona akina mama wanaobanika samaki kwa moshi, hawajawahi kushika sigara, na vifua vyao ni vya mvutaji wa pakiti moja kwa siku. Githeri na maharagwe yachemshie kibarazani mchana, jiko libaki hukohuko mpaka lizime. Kwa chakula cha usiku tafuteni mtungi mdogo wa gesi, hata kama ni kwa awamu. Na jiko lisilale ndani ya nyumba, hata Julai baridi ya Nakuru ikizidi.

Msimamizi wa ploti si adui, anafanya alichoambiwa na mwenye nyumba. Lakini kanuni za Kenya za ubora wa hewa zinakataza kuchoma taka hadharani, kwa hiyo una pa kusimama. Wapangaji watatu au wanne mwandikieni mwenye ploti barua fupi mkiomba taka zizolewe. Asiposikia, mwendeeni afisa wa afya ya umma wa eneo lenu. Mpaka hapo, Jumamosi saa kumi na moja fungeni madirisha ya upande huo, na Baba Nafula akatembee upande wa pili wa mtaa. Asiende kutembea kando ya barabara kuu ya malori. Na kama atarudi misheni siku moja, kile kitambaa cha puani huzuia vumbi kubwa tu. Barakoa ya N95 inayobana vizuri usoni ndiyo inayopunguza chembe za moshi.

Haya yafuatayo hayangoji karatasi wala miadi. Akishindwa kumaliza sentensi moja bila kuvuta pumzi, midomo ikigeuka rangi ya majivu, akikohoa damu, akizirai, au kifua kikimkaza kama amewekewa gunia na maumivu yaende mkononi au taya, mkimbizeni hospitali iliyo karibu usiku huohuo. Mhesabie pumzi pia. Akiwa ametulia, tazama tumbo lake likipanda, hesabu dakika nzima kwa saa. Kati ya 12 na 20 ni kawaida. Zikikaribia 30 akiwa ameketi tu, msingoje asubuhi.

Kuanzia kesho tafuta daftari dogo. Kila mpandapo pamoja, hesabu kimoyomoyo ni ngazi ya ngapi anasimama, uandike na tarehe ukishaingia ndani. Akianza dawa endelea kuandika. Mkirudi kliniki baada ya wiki sita, daktari atamuuliza kama ana nafuu, naye atajibu "ndiyo, niko sawa", kwa sababu ndivyo alivyo. Wewe fungua daftari.